Uzi Mwekundu kwenye Pindo

Jana jioni binti yangu, ambaye wiki ijayo atasafiri peke yake kwa mara ya kwanza, alilitoa kabatini koti langu la kijivu, lile lile, akaligeuza ndani nje, kisha akaniuliza kwa nini bitana yake imeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye pindo la kushoto, tena kwa mishono mibaya kiasi kile. Nilimjibu kwamba hapo ndipo ilipokuwa benki yangu. Alicheka, akanionyesha simu yake, ambamo ameziingiza kadi zake zote mbili, akarudi kupanga nguo. Mimi nilibaki nimeshika pindo.

Mshono wa kwanza ulikuwa wa shangazi, wa uzi mweusi na mdogo kiasi cha kutoonekana. Shangazi alisafiri zama za hundi za wasafiri, zile ambazo American Express ilianza kuziuza mwaka 1891: ulitia saini siku ya kuzinunua, ukatia saini ya pili mbele ya karani siku ya kuzitumia, na zikipotea ulirudishiwa fedha zako mradi umeandika namba zake mahali pengine. Kadi hakuziamini hata kidogo. Usiku wa kuamkia safari yangu alifumua bitana ya koti, akaingiza noti moja ya dola 100 aliyoikunja ikawa na tabaka nne, akashona, akakata uzi kwa meno na kusema, "Akiba haiozi, mwanangu." Nilimshukuru kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa na kadi, moja, na niliona hiyo inanitosha.

Nilifika ugenini usiku. Katika ukumbi wa kituo cha treni palikuwa na mashine ya kutolea pesa. Niliingiza kadi, nikabonyeza namba ya siri, nikachagua kiasi, na mashine ikaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa: je, nikatwe kwa fedha ya nchi ile, au kwa fedha ya nyumbani, kwa kiwango cha kubadilishia fedha walichokwisha kunipangia? Leo najua kwamba unachagua fedha ya nchi uliyomo, maana kiwango kile cha ukarimu kwa kawaida kimeshatiwa faida ya mwenye mashine ndani yake. Usiku ule sikujua, basi nikatoa daftari na kuanza kupiga hesabu. Nilizidisha, nikagundua kwamba nimezidisha penye kugawanya, nikaanza upya. Kitu fulani kilikuwa kikilia, nami nikadhani ni saa ya mtu. Kumbe mashine ilichoka kunisubiri, ikafuta muamala na kuitema kadi. Na kadi iliyotemwa isipochukuliwa kwa muda mfupi, mashine nyingi huimeza tena ili asije akaiokota mpita njia. Niliinua macho wakati ukingo wake wa mwisho ukizama. Hesabu nilikuwa nimeipata, nayo ilikuwa sahihi.

Nilikwenda msalani, nikaufumua mshono wa shangazi kwa ufunguo wa begi, nikaipeleka noti kwenye dirisha pekee la kubadilishia fedha lililokuwa bado wazi.

Dakika zile za dirishani nazikumbuka kuliko safari yote. Karani alikuwa mzee mwenye miwani, asiye na haraka. Aliikunjua noti juu ya kioo, akainyoosha kwa kiganja, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kola ya Benjamin Franklin, yule ambaye picha yake iko kwenye noti hiyo, kwa sababu wino wa noti halisi hukwaruza kidogo. Akaridhika. Kisha akaiinua kwenye taa. Mwanga ulipenya kwenye vijitundu vidogo vilivyojipanga kwa safu, vitatu kati yake vikiwa kwenye paji la uso la Franklin mwenyewe. Sindano ya shangazi ilikuwa imeipata noti mara tatu, na kwa kuwa noti ilikuwa na tabaka nne, matundu yalikuwa 12. Najua idadi kwa sababu karani aliyahesabu, polepole, kwa ncha ya kalamu, nami nikihesabu pamoja naye kama mtoto anayesomeshwa.

Aliniambia kwamba wangeikataa hata kama ingekuwa nzima, kwa kuwa ilikuwa ya zamani, yenye picha ndogo, ya kabla ya sura ya noti ile kubadilishwa mwaka 1996. Nilimweleza, kwa sauti niliyotaka iwe ya msomi, kwamba Marekani inazitambua noti zake zote zilizotolewa tangu mwaka 1861. Alikubali kwamba ni kweli. Kisha akanikumbusha, kwa upole mkubwa, kwamba hatukuwa Marekani, akanirudishia noti yangu ikiwa imenyooshwa vizuri.

Nililala kwenye viti vya kituo. Asubuhi nilipiga simu nyumbani, kadi ikafungwa, na kufikia mchana nilikuwa nimepokea fedha kwa wakala, kwa kuonyesha pasipoti na namba niliyotajiwa. Aliyezituma ni shangazi. Aliniuliza swali moja tu: ile ya kwenye koti je? Nilimwambia imenifaa sana. Kabla ya kurudi nilinunua sindano na uzi, mweusi sikuupata, nikairudisha noti mahali pake ili aikute nitakapomwambia kwamba hatimaye sikulazimika kuitumia yote. Ndiyo, noti moja. Uongo wangu haukuwa na hesabu nzuri. Hakuwahi kuliomba koti.

Siku hizi nabeba kadi mbili za benki tofauti, katika mifuko tofauti, pamoja na noti chache mpya ninazozilaza ndani ya daftari bila kuzikunja. Nilimwambia binti kwamba kadi mbili ndani ya simu moja ni kitu kimoja. Alinionyesha betri ya akiba. Nikamuuliza, na simu ikiibiwa? Akasema atafikiria, kwa ile sauti niliyoitumia mimi kumshukuru shangazi.

Leo asubuhi ameomba asafiri na koti, maana aendako kuna baridi. Nimemruhusu. Alipolivaa mbele ya kioo, pindo la kushoto lilitoa mlio mdogo wa karatasi, akaniangalia. Nilijifanya natafuta miwani yangu.