Masikio ya mnyoo wa Zigi

Jumamosi, usiku. Umeme umerudi saa mbili, nami nimerudi kwenye kioo namba 17, kipande cha kioo nilichombandika mnyoo wa kumtazama kwa hadubini.

Tangu Machi kazi yangu ni minyoo bapa wa mashavu ya perege, samaki wa Mto Zigi, Tanga. Ukiyatoa mashavu, ukayaweka kwenye kisahani cha maji chini ya hadubini na kuyachokoachokoa kwa sindano, utaona kama kiuzi cheupe kinajinyoosha na kujikunja. Hata milimita moja hafiki. Amejing'ang'aniza kwa mkiani: ndoano kubwa nne, na vijindoano 14 pembeni. Jenasi yake ni Cichlidogyrus, aliyoipa jina mtafiti Paperna mwaka 1960, na spishi zake zinazojulikana sasa zimepita 100.

Huyu wangu sijamkuta kwenye maandishi ya mtu yeyote. Kwenye ndoano za mgongoni pana kipau chenye masikio mawili kama ya sungura, na ya huyu ni marefu kupita kawaida. Halafu mrija wake wa dume (kila mnyoo ni dume na jike kwa pamoja) umejipinda mara mbili. Nimeuchora mara tisa. Mchoro wa kumi nadhani ndio.

Nadhani, kwa sababu Juni niliumbuka. Wiki nzima nilitembea nimevimba kichwa kwamba nina spishi ya pili, kumbe ni yuleyule, nilibonyeza mno kioo cha kufunikia ndoano zikalala ubavu. Sasa nikiona tofauti, kwanza naushuku mkono wangu.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama aliposikia Zigi, akakumbuka Bwawa la Mabayani, lililo kwenye mto huo na linaloleta maji ya bomba mjini Tanga. "Kwa hiyo maji ya bomba tunakunywa na minyoo?" Nikamwambia huyu anataka mashavu ya samaki, mtu hana pa kumshikizia. Akanielewa, ila perege hakupika wiki mbili.

Kinachoninyima usingizi ni sato. Perege wangu ni Oreochromis korogwe, aliyeelezwa na mtafiti wa samaki Rosemary Lowe mwaka 1955, mwenyeji wa Pangani na Zigi. Sato wa Naili kaletwa na wafugaji wa samaki, na minyoo ya namna hii haihitaji konokono wa kuibeba: yai linaanguliwa, kiluwiluwi kinaogelea chenyewe kutafuta samaki. Huenda basi mnyoo wangu si mpya, ni mgeni tu aliyekuja na sato akahamia kwa perege. Kesho naanza kupasua sato wa mabwawani, wote wanaopatikana, kabla sijatamka neno "mpya" mbele ya watu.

Na lazima nichague mnyoo mmoja wa kulibeba jina. Tangu mwaka 2000 sheria za majina ya wanyama zinataka spishi mpya ionyeshwe kielelezo chake, yaani mnyama halisi anayeiwakilisha, na itajwe kitahifadhiwa wapi. Ninao 23. Namba 4 ana mrija mzuri lakini kiputo cha hewa kimekaa juu ya masikio. Namba 17 ni safi, sikio la kushoto tu limeinama kidogo. Nimemkodolea macho mpaka yakatoa machozi.

Mzee anayeniletea samaki aliniuliza jana atanufaika nini na jina hilo. Nikamwambia nafikiria kumwita kwa jina la mto.

"Mto?" akasema, huku akihesabu hela yake. "Mto umekuletea samaki mlangoni lini?"