Vidonge vya damu na tumbo langu la mbio

Tulikuwa tunakimbia, tumeshapita Mugunga, njia ya Goma kwenda Sake, tumbo liliponikamata. Lilijisokota chini ya kitovu, jasho baridi likanitoka, nikawaacha wenzangu waende. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anapuliza makaa ya mandazi. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha choo kwa kidole, akanipa kopo la maji. Mungu ambariki.

Miezi miwili kabla ya hapo, maabara ilinipa feritini 11. Feritini ndiyo ghala ya chuma mwilini, na sisi wakimbiaji tunakipoteza kwa jasho, kwa hedhi, hata kwa chembe za damu zinazopasuka nyayo zinapogonga chini. Na mawe ya volkano ya hapa Goma hayana huruma. Basi nikaanza vidonge vya kuongeza damu, asubuhi na jioni. Muuzaji wa famasia akaniongezea magnesiamu, eti ya misuli. Vya asubuhi nilivimeza vyote alfajiri bila kula, kisha nikafunga viatu.

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, ni muuguzi. Aliposoma pakiti alikaa chini kabisa.

“Miligramu 65 za chuma, mara mbili kwa siku? Mwili unachukua kidogo tu, mdogo wangu. Kinachobaki kinakuchubua utumbo.”

“Lakini damu iko chini, yaya.”

“Ndiyo, na wewe unaufunga mlango mwenyewe.”

Mlango wenyewe ni hepsidini, homoni ya ini. Ukimeza chuma inapanda na kuzuia dozi inayofuata. Saa chache baada ya mbio inapanda tena. Magnesiamu isiyofyonzwa nayo huvuta maji utumboni, ndiyo maana wengine huimeza makusudi wakikosa choo. Na mtu akikimbia kwa nguvu, damu inalihama tumbo kwenda kwenye misuli na ngozi. Ndivyo nilivyokuwa nautesa utumbo wangu.

Sasa nameza kimoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana, mara tu ninaporudi, kabla hepsidini haijapanda, pamoja na juisi ya marakuja. Chai inasubiri kwa muda wa saa mbili, na hilo ndilo lililonishinda wiki nzima ya kwanza. Magnesiamu nimeiacha, nakula maharage na lengalenga. Mbio ndefu nabeba maji ya chumvi na sukari yale anayopewa mtu anayeharisha, nanywa funda moja moja: sodiamu na glukosi hufyonzwa utumboni kwa pamoja na kuyavuta maji.

Choo kitakuwa cheusi, msiogope, ni chuma. Lakini kikinata kama lami, hasa kichwa kikizunguka, hiyo huenda ni damu: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Feritini imefika 31. Jumamosi nilifika Sake bila kusimama, na wakati wa kurudi nikampelekea yule mama sabuni mbili. Alinitazama usoni bila kunitambua. Alipoviona viatu ndipo akacheka, akanisogezea kiti.