Maharage ya Kupalia Makaa kwa Siku ya Kuchoma Nyama

Nyama choma haikosi wapishi hapa Tanga. Ukitangaza tu kwamba Jumapili mnakwenda kuchoma Raskazone, atajitokeza wa kununua mbuzi, wa kubeba jiko, wa kutunga mishikaki na wa kusimamia moto huku akiwafukuza watoto; lakini ukiuliza ni nani atakayeleta cha kusindikizia, kila mtu anatafuta pa kutazama, na mwisho wake nyama inaliwa kwa kachumbari na ndizi mbili tatu zilizoungua upande mmoja. Mimi siku hizi nafasi hiyo naijaza kwa maharage. Si maharage ya mchuzi, wala si ya nazi, bali maharage mazito yenye utamu, uchachu na ukali kwa mbali, yaliyookwa mpaka rojo lake likashikamana na punje, ambayo mtu anaweza kuyachota na kuyaweka kando ya ubavu wa mbuzi bila sahani nzima kugeuka dimbwi.

Chakula hiki kinajulikana zaidi Marekani, ambako hakikosekani kwenye meza za kuchomea nyama wakati wa kiangazi, hasa tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru. Mji unaohusishwa nacho kuliko yote ni Boston, na sababu yake inanivutia kuliko hata ladha. Wapuriti, ambao imani yao ndiyo iliyoongoza maisha ya mji huo zama za ukoloni, waliitukuza Sabato, ambayo kwao ilikuwa Jumapili, kwa kuacha kazi zote, kupika kukiwamo. Kwa hiyo chungu cha maharage kiliwekwa motoni Jumamosi, kikaliwa jioni yake, na kilichobaki kikawa chakula cha Jumapili. Ni pishi lililobuniwa ili mpishi apumzike siku yenyewe ya kula. Utamu wake ulitokana na molasi, ile asali nyeusi inayobaki baada ya sukari kutengwa na maji ya miwa, iliyosafirishwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi, ambako ilizalishwa kwa jasho la watumwa. Msomaji wa mkoa huu hana haja ya kwenda mbali ili aielewe habari hiyo, maana bonde la Mto Pangani nalo, katika karne ya 19, lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa.

Wanaoyafahamu maharage haya kutoka dukani, ndani ya kopo lenye rojo la nyanya, wanafahamu tawi la Uingereza la ukoo huohuo. Kampuni ya Heinz ya Marekani iliyafikisha London mwaka 1886, katika duka la kifahari la Fortnum & Mason, na Waingereza wakayafanya yao kabisa, hadi wakawa wanayala na mkate uliobanikwa. Ajabu ni kwamba hayo ya kopo hayaokwi: huivia ndani ya kopo lililokwisha kufungwa. Mwenye haraka anaweza kuyatumia, akayaongezea kitunguu kilichokaangwa, ukwaju na pilipili manga, kisha akayapalia moto kwa nusu saa. Hata hivyo sioni sababu ya kulipia kopo la kutoka ng'ambo wakati milima ya Usambara imo ndani ya mkoa wetu, na magunia ya maharage ya Lushoto yanashushwa sokoni Mgandini.

Kiangazi cha Wamarekani ni Juni hadi Agosti, miezi ambayo kwetu ni ya kusi na ya ubaridi wa kipupwe. Joto letu ni la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na ndani yake zimo likizo za mwisho wa mwaka na sikukuu ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, siku ambazo familia nyingi huteremka ufukweni. Katika joto hilo hakuna anayetamani kusimama kwenye moto wa pili wakati wa kwanza unamtosha. Ndiyo maana maharage haya hupikwa jana yake, na kwa kweli ladha yake huwa bora zaidi yakilala, kwa kuwa punje hupata muda wa kuyanywa yale makali na matamu yaliyomo kwenye rojo.

Lipo tatizo moja la heshima. Maharage kwetu yana jina la chakula cha bweni, na mgeni aliyealikwa kula nyama akiyaona mezani hujiuliza kama mwenyeji ameishiwa. Shangazi yangu aliponikuta ninayaosha aliniuliza, "Mwanangu, unatualika ufukweni au unaturudisha shule?" Nilimjibu, "Shangazi, subiri uonje," naye aliposubiri akaonja, hoja yake ikahamia kwenye nazi: kwa nini sikutia tui? Hilo ni swali la haki kwa mtu wa Pwani, na jibu langu ni kwamba maharage ya nazi yana mahali pake, penye wali au chapati, na hapo sina ugomvi nayo. Kando ya nyama yenye mafuta yanayochuruzika, tui huongeza uzito juu ya uzito, wakati kinachotakiwa hapo ni uchachu wa kuyakata yale mafuta. Isitoshe, kitu chenye tui hakina subira na jua la Januari.

Sasa tuingie jikoni. Nusu kilo ya maharage makavu inatosha watu kumi kwa kusindikizia. Aina iliyozoeleka Boston ni nyeupe, ndogo na ya mviringo, lakini maharage ya njano hufanya kazi nzuri, na mekundu pia, mradi yawe ya msimu huu. Upya wa maharage ni jambo zito kuliko rangi yake. Maharage yaliyokaa muda mrefu penye joto na unyevunyevu, na hali ya hewa yetu ina vyote viwili, hugeuka kuwa magumu kiasi kwamba unaweza kuyachemsha tangu asubuhi hadi alasiri na bado yakakugomea. Muulize muuzaji yameshuka lini, kisha uyatazame mwenyewe: punje iliyokunjamana ngozi au iliyofifia rangi iache gunia lake.

Yachambue, yaoshe, uyaroweke usiku kucha katika maji mengi. Katika miezi ya joto maji ya kurowekea huanza kutoa povu na harufu ya kuchacha kabla hata ya alfajiri. Mwenye friji ayaroweke humo, asiye nayo abadilishe maji kabla ya kulala. Asubuhi mwaga maji hayo, maana sehemu ya ile sukari inayojaza tumbo gesi huondoka nayo. Weka maji mapya na uyachemshe kwa nguvu, si kwa kutokota, kwa muda usiopungua dakika 10. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, ambayo huharibiwa na mchemko mkali lakini haiharibiwi na moto mdogo. Mamlaka ya chakula ya Marekani hushauri mchemko huo ufike dakika 30. Kwa sababu hiyo, kuoka maharage yaliyorowekwa tu bila kuyachemsha kwanza, kwa tumaini kwamba makaa yatamaliza kazi polepole, ni jambo la hatari.

Baada ya hapo punguza moto na uyaache yatokote hadi punje ibonyee kati ya vidole viwili bila ukaidi wowote. Hapa ndipo penye siri yote ya pishi hili, kama kuna siri. Maharage hulainika pale gundi inayoshikilia kuta za chembechembe zake inapoyeyuka katika maji ya moto, na vitu vichachu, kama nyanya, ukwaju na siki, huizuia gundi hiyo isiyeyuke. Molasi na sukari guru nazo zina madini ya kalisi, ambayo huikaza zaidi. Ukitia nyanya na ukwaju kabla punje hazijalainika, utapika hadi mkaa uishe. Lakini zikishakuwa laini, vitu hivyohivyo hugeuka rafiki, kwa sababu vinazifanya zikae nzima ndani ya rojo kwa saa nzima ya kuokwa badala ya kupondeka zikawa uji. Kwa hiyo vichachu na vitamu husubiri nje mpaka maharage yaive. Maharage yakikataa kabisa kulainika, robo kijiko cha chai cha magadi soda kitasaidia. Kikizidi, utasikia ladha ya sabuni.

Chuja maharage, ila yale maji mazito uliyochemshia uyahifadhi, kwa kuwa ndiyo yatakayokuwa rojo. Boston hutia nyama ya nguruwe yenye chumvi. Mimi hutumia mafuta ya kidari cha ng'ombe, kama gramu 100, yaliyokatwa vipande vidogo na kuyeyushwa taratibu kwenye sufuria hadi vibaki vipande vikavu vya rangi ya kahawia. Katika mafuta hayo kaanga vitunguu maji viwili vikubwa mpaka vilegee na kuanza kubadilika rangi, na usiwe na pupa, kwa sababu nusu ya utamu inatoka hapo. Ongeza kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha nyanya nne zilizoiva sana au vijiko vitatu vya nyanya ya kopo, uzipike hadi mafuta yajitenge. Ndipo zinafuata sukari guru iliyokwanguliwa, kama gramu 100, rojo zito la ukwaju robo kikombe, kijiko kimoja cha haradali, kijiko cha chai cha pilipili manga, karafuu mbili na chumvi. Molasi yenyewe huuzwa kwetu zaidi kama chakula cha mifugo, kwa hiyo sukari guru ndiyo mbadala wa kuaminika, tena ina ladha ya moshi ambayo sukari nyeupe haina. Onja kabla ya kuchanganya na maharage: rojo linatakiwa likushtue kidogo kwa utamu na uchachu, maana maharage yatalipoza.

Changanya vyote, mimina maji ya maharage yafunike punje kwa kimo cha kidole kilicholazwa, kisha uoke. Mwenye oveni aiweke nyuzi 160 za Selsiasi na asubiri saa moja na nusu, sufuria ikiwa wazi nusu saa ya mwisho. Asiye nayo hajapungukiwa na chochote, kwa kuwa kupalia moto ni kazi ambayo jiko la Pwani limeizoea tangu enzi za mkate wa kumimina. Weka sufuria yenye chini nene juu ya makaa machache, funika kwa mfuniko bapa wa bati, upange makaa mengi zaidi juu ya mfuniko kuliko yaliyo chini. Sukari guru huungua haraka, na moto ukiwa mkubwa chini, tabaka la mwisho litashika sufuria na kuchafua ladha yote. Funua kila baada ya robo saa, ukiangalia majivu yasidondoke ndani, na upitishe mwiko chini kabisa.

Mwanzoni utaona mchuzi mwepesi unaoruka vipovu vidogovidogo. Baada ya muda vipovu vinakuwa vikubwa na vizito, vinavimba polepole na kupasuka kimoja kimoja, kila kimoja kikiacha kishimo kinachochelewa kuziba; pembeni mwa sufuria unajitokeza ukingo mweusi unaonata, na juu punje zinang'aa kama zimepakwa asali. Pitisha mwiko katikati: mfereji ukibaki wazi kwa muda wa kuvuta pumzi, maharage yameiva. Yaepue wakati huo, hata kama unayaona bado yana majimaji, kwa sababu yakipoa huzidi kukaza. Kamulia maji ya chungwa moja la Muheza na ukoroge mara moja tu. Harufu yake hupotea ikiwekwa motoni.

Kwa kuwa yamepikwa jana yake, yagawe katika vyombo viwili vifupi ili yapoe upesi, uyaweke kwenye friji. Siku ya kuchoma, beba sufuria, uyapashe moto ufukweni kando ya jiko la nyama hadi yachemke kabisa, na wala yasibaki vuguvugu juani: chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu. Kwa samaki wa kuchoma au ngisi, ongeza ukwaju na upunguze sukari guru, kwa kuwa utamu mwingi humfunika samaki. Kwa mbuzi na kuku, kipimo nilichotaja kinafaa kilivyo. Wanaotaka pilipili mbuzi waipate pembeni, imekatwa kwenye limau, watoto wasije wakakimbilia maji ya bahari.

Yaliyobaki yanafaa kesho yake asubuhi, kwa mkate wa mofa au chapati, mradi yalirudi kwenye friji mapema. Yapashe kiasi kitakacholiwa tu, usiyapashe yote, na rojo likiwa limekaza mno baada ya kulala, kijiko kimoja au viwili vya maji ya moto vinatosha kulilegeza.