Mtu wa kunisubiri mwezi wa Aprili

Ninafanya kazi ya kupanga safari za watalii katika ofisi ndogo mjini Arusha, na kwa sisi wa kazi hii mwaka una misimu miwili mikubwa: wa wageni na wa mvua. Kuanzia Juni hadi Oktoba simu hailali. Masika yanapokolea, hasa Aprili na sehemu kubwa ya Mei, Mlima Meru hufichwa na mawingu kwa siku kadhaa mfululizo, baadhi ya kambi za Serengeti hufungwa, njia za ndani ya hifadhi hugeuka tope, na barua pepe za kuulizia bei hupungua kiasi kwamba za wiki nzima ninaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiki ni kipindi cha kupumzika huku mshahara ukiingia, lakini kila mara nilikimaliza nikiwa nimechoka kuliko nilivyochoka Agosti. Nilikuwa nikifika saa mbili asubuhi, nikifungua kompyuta, nikisoma tena barua za jana ambazo nilikwisha kuzijibu, na ilipofika saa tano mwili ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeshinda akipakua mizigo, ilhali sikuwa nimefanya jambo lolote la kutajwa. Nilijiita mvivu. Neno hilo halikunisaidia, na sasa naona pia kwamba halikuwa la haki, kwa kuwa mvivu huikimbia kazi inapokuwepo, nami Agosti hubaki ofisini hadi usiku bila kusukumwa na mtu.

Nilianza kuelewa mwaka 2020. Aprili ya mwaka ule Tanzania ilisitisha safari za ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na ingawa ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei, wageni wetu hawakurudi kwa miezi mingi. Aprili ya kawaida ina mwisho unaojulikana. Ile haikuwa nao. Katika wiki zile kulikuwa na familia moja ambayo safari yake ilibidi iahirishwe, nao walikuwa wakingoja majibu yangu kuhusu fedha walizotanguliza na tarehe mpya. Siku nilizokuwa na jibu la kuwapelekea niliamka mapema na akili ilikuwa safi hadi jioni. Siku ambazo hapakuwa na mtu yeyote anayengoja neno langu, hata kufungua kompyuta kulikuwa kazi ngumu.

Ndipo nikaitazama upya Agosti. Nyuma ya kila karatasi iliyo mezani kwangu mwezi ule kuna mtu: mama na watoto watakaoshuka usiku katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, dereva anayehitaji orodha ya majina kabla ya alfajiri, mpishi wa kambi anayetaka kujua ni nani asiyekula nyama. Bidii niliyodhani inatoka ndani yangu ilikuwa ikivutwa na watu hawa. Masika yanawaondoa wote kwa mara moja, halafu mimi nabaki nikijilaumu kwa kukosa ari.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu orodha. Kila tarehe mosi Aprili niliandika mambo mengi makubwa ya kukamilisha, na baada ya wiki moja orodha yenyewe ilinitia uzito kila nilipoitazama. Wenzangu waliniambia mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo naiheshimu, lakini haisemi mvumilivu afanye nini saa nane mchana, mvua inanyesha, na tunda bado bichi.

Kinachonifaa sasa ni kutafuta mtu wa kunisubiri, na kuweka naye miadi yenye siku na saa. Miadi ninayoithamini zaidi ni ya Jumanne asubuhi, pamoja na mmoja wa waongoza watalii wetu, mtu aliyeipita barabara ya Serengeti mara nyingi kuliko ninavyoweza kukisia. Tunachukua ratiba moja kati ya zile tunazowauzia wageni, naye ananisahihisha mstari kwa mstari. Mimi naijua njia kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu kwa kuiandika. Yeye anaijua kwa mgongo wake. Aliniambia kwamba ratiba yangu moja iliwapa wageni chakula cha mchana kirefu mno upande wa Serengeti siku ya kurudi, wakati lango la Loduare, la kutokea Ngorongoro, hufungwa saa kumi na mbili jioni na lami inaanzia pale, kwa hiyo dereva alilazimika kukimbiza gari kwenye vumbi saa nzima ili kufidia ukarimu wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu Agosti hakuna mwenye nafasi ya kusema. Nilisikitika, kisha nikaandika upya ratiba ile siku hiyohiyo, nikiwa na nguvu ambazo sikuwa nazo saa moja kabla. Sasa Jumatatu jioni huwa naisoma ratiba ya kesho yake, kwani naona aibu kumfikia nikiwa mtupu.

Miadi ya pili ni na kijana mpya wa ofisini. Alhamisi namweleza jambo moja, kwa mfano kwa nini mgeni wa Februari tunampeleka kusini, Ndutu, wakati nyumbu wanazaa, na yule wa Agosti tunampeleka kaskazini, Mto Mara. Ili kueleza inanibidi nisome.

Sipaswi kusahau kwamba ninaandika kama mtu mwenye mshahara wa mwezi. Madereva na wapagazi wengi hulipwa kwa siku za safari tu, na kwao Aprili ni suala la unga na ada ya shule, kabla ya kuwa suala la ari. Hata hivyo wale ninaowafahamu wenye shamba, huko Tengeru na Usa River, siwaoni wakiwa wamelegea kama mimi. Mvua iliyonifungia kazi ndiyo iliyowafungulia wao: kuna palizi ya mahindi, na palizi haimngoji mtu.

Likizo yangu ya mwaka nimeipeleka wiki ya kwanza ya Mei, na naichukua bila kuomba radhi.

Ijumaa ni zamu ya fundi wetu wa magari. Tunakagua gari moja kila wiki, yeye akiwa chini, mimi nikiandika kila anachokitaja: bushi za springi, mpira wa paa unaovujisha, redio iliyokwama. Wiki ya kwanza nilichelewa dakika ishirini nikamkuta amesimama uani kwenye manyunyu, kofia imelowa, gari limeshawashwa.

«Dada,» akasema, «nilijua utakuja.»

Kesho ni Ijumaa. Limebaki gari la nne, lile lililolala tangu Machi, na tumekubaliana saa tatu kamili.