Chupa zilizorudi na bamvua

Jumamosi ile tulitoka kuokota taka kwenye mikoko ya Mikindani, Mombasa, tope limetufika magotini, magunia 22 yamejaa chupa, malapa na nepi. Nilikwenda nyumbani kuoga, jioni nikakaa kwenye karai langu la samaki, roho imetulia. Siku ya nne bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, likaingia. Siku kama hizo bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ilipopwa, palepale tulipookota pamelala chupa nyingine. Nililia.

Nikawalaumu watu wa Mishomoroni, ng'ambo ya maji. Ami yangu, ambaye ametega kaa kwenye hori la Tudor, mkono huu wa bahari ulio kati yetu na wao, tangu ujana wake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, na wa Mishomoroni wamlaumu nani?" Akachora mchangani kwa kidole. Maji yakijaa hupanda kuelekea Jomvu na Rabai. Yakipwa hushuka, yakapita Mji wa Kale mpaka bahari kuu. Takataka hazitoki kwa siku moja. Hupanda, hushuka, kila mtaa huziona kwa zamu yake. Mvua ikinyesha, mto Kombeni nao huleta vya huko juu. Na tangu daraja jipya la Makupa lifunguliwe mwaka 2022, maji yaliyokuwa yamezibwa na ile barabara ya kifusi yamepata njia, kwa hivyo ya kwetu na ya hori la Port Reitz, upande wa pili wa daraja, yanakutana. Nalifurahia hilo, maana maji yaliyosimama hunuka. Lakini sasa uchafu wa upande ule ni wetu pia, na wetu ni wao.

Rabai ni Kaunti ya Kilifi, sisi ni Mombasa. Kuzoa taka ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, na lori la kaunti moja halivuki mpaka kuzoa ya jirani. Tukaona twende Rabai wenyewe. Tulipanda matatu wanawake wanne, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali.

Sikuyasema. Wenyeji wetu walitutilia chai na mihogo, na mama mmoja akaniambia kwa upole: "Dada, huku kwetu lori la taka halijafika. Twatupa korongoni kwa kuwa hatuna pengine." Tukazungumza mpaka adhuhuri. Niliwaeleza habari za tope, kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukafukia mikoko ya hori la Mwache. Mchu, aina moja ya mkoko, hupumua kwa mizizi inayosimama juu ya tope kama vidole. Vikifukiwa, mti hufa, na pale ndipo kamba na kaa wachanga hujificha. Walikuwa wamelima mahindi mpaka ukingoni mwa mto. Wakasema ukanda ule watauacha, wapande matete na migomba. Chupa watazikusanya mahali pamoja, wauzie wanunuzi wa plastiki.

Kisha wakatuuliza: na nyinyi je?

Hapo ndipo penye uzito wetu. Mikindani kuna nyumba za ufukweni ambazo bomba la choo limeelekezwa horini. Wapangaji wanajua, wenye nyumba wanajua, na watoto wanaogelea hapohapo. Bahari ikijaa, uchafu ule unapanda kwenda kwa hao hao tuliokuja kuwalaumu. Niliona aibu mbele ya mama yule, nikamwahidi. Tumeshakwenda kwa wenye nyumba kumi. Wawili wamechimba shimo. Mmoja alitufukuza, tutarudi kwake tukiwa na wazee wa msikiti. Mishomoroni nako tumekwenda, na vijana wa BMU yao, kikundi cha kusimamia ufuo, wamekubali tusafishe siku moja, pande zote mbili, maji yakiwa yamepwa.

Kuna tuliyoyashindwa. Magunia yetu bado tunalipia mkokoteni kuyatoa, na fedha hutoka kwenye samaki wangu na kwenye mifuko ya wenzangu.

Jana saa kumi na moja alfajiri simu ililia. Alikuwa yule mama wa Rabai: "Dada, huku imenyesha usiku kucha, mto umejaa." Niliwaamsha vijana. Walichukua wavu wa zamani wa ami wakaufunga kwenye mkondo ulio nyuma ya mikoko, kabla maji hayajafika.