Tyubu za LED na taa ya korido iliyokataa kulala

Nyumba yetu ya Tabata ilikuwa na tyubu laiti nne za futi nne: mbili sebuleni, moja jikoni, moja koridoni. Ya jikoni ndiyo iliyonichosha. Jioni umeme ukipungua nguvu, inapepesa mpaka ugali unaiva, ncha zinawaka rangi ya chungwa huku katikati giza. Nilishazoea kupanda stuli na kuizungusha stata, kile kidude cha kuanzishia tyubu, kwa vidole. Mwezi niliponunua stata tatu, nikasema basi.

Hesabu nayo ilinisukuma. Tyubu imeandikwa wati 36, lakini choki, kile kifaa ndani ya fremu kinachodhibiti umeme wa tyubu, nayo inakula zake, kama wati 9 hivi. Ya LED ni wati 18. Kwa taa nne zinazowaka saa tano kila usiku, unaokoa kama uniti 16 kwa mwezi. Kwa mtu wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, si haba, ingawa friji letu linazimaliza bila kuuliza.

Nikanunua Kariakoo. Ndani ya kila boksi nikakuta kidude kama stata, nikadhani ni nyongeza ya bure, nikavitupia vyote kwenye droo. Nikazima meni swichi, nikachomeka tyubu ya kwanza, nikawasha. Ikapepesa vilevile! Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu muuzaji niliposoma karatasi: kile kidude ni fyuzi yenye umbo la stata, kinakaa mahali pa stata ya zamani. Nikabadilisha, ikawaka papo hapo. Choki nazo nikazing'oa, maana kazi ya maana hazina tena, nikaunganisha zile nyaya mbili zilizokuwa zikiingia na kutoka, kwa koneta na tepu. Ila kabla ya kung'oa choki, soma karatasi ya tyubu uliyonunua. Nyingine zinapokea umeme upande mmoja tu, nyingine pande zote mbili, na ukikosea unaweza kupiga shoti.

Mke wangu alilalamika kwamba sebule imekuwa kama duka la dawa. Kweli, nilichukua nyeupe kali, 6500K. Nikarudi kubadilisha mbili, nikapata za 4000K, zisizo kali hivyo.

Usiku wa pili, saa nane, mwanangu akaniamsha: "Baba, taa ya korido haijalala." Nikatoka. Swichi imezimwa, lakini tyubu ina mwanga hafifu, wa kukuonyesha ukuta tu. Nikazima na kuwasha mara tano, hali ileile. Asubuhi, swichi ikiwa imezimwa, nikagusa nyaya za holda kwa testa. Testa ikawaka.

Hapo nikaishiwa nguvu. Aliyefunga nyumba hii alipitisha nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi, waya wa moto akaupeleka moja kwa moja kwenye taa. Kwa hiyo miaka yote hiyo, nikizima taa, holda ilibaki na umeme kamili, na mimi juu ya stuli navizungusha vile vistata! Tyubu ya zamani haikuwahi kusema kitu, kwa sababu inahitaji msukumo mkubwa ndipo iwake. LED inatosheka na kiumeme kidogo kinachovuja.

Hilo sikuligusa. Nikamwita fundi, akapanda darini, akafungua kiboksi cha maungio, akakuta waya mweusi ndio umeshuka kwenye swichi na mwekundu umeenda kwenye taa. Akazigeuza nyaya hizo. Nikamwomba apime nyumba nzima; akakuta vyumba viwili vya kulala vina ugonjwa huohuo, tena vina balbu za kawaida ambazo hazikuonyesha dalili yoyote.

Tyubu za zamani zina zebaki ndani, kwa hiyo sikuzivunja wala kuwaachia watoto wazichezee kama mapanga. Nimezifunga kwenye maboksi ya zile mpya, zimesimama nyuma ya kabati. Fundi alinitoza zaidi ya bei ya tyubu zote nne, nikamlipa bila kubembeleza apunguze.