Diklo, juisi ya kabichi na mapera ya mama: tumbo lilivyonitia adabu

Jamani najua nimepotea humu, mara ya mwisho kuandika ilikuwa kabla ya Krismasi. Sababu ni unifomu. Fundi cherehani hapa Mabatini, Mwanza, kuanzia katikati ya Desemba mpaka shule zifunguliwe hapati usingizi, mzazi anakuletea vitambaa vya watoto watatu Ijumaa anavitaka Jumapili, afu anakwambia "dada si sketi tu hizo". Nilikuwa nakaa kwenye mashine toka asubuhi mpaka saa sita usiku, kiuno kikakaza, nikiinuka natembea kama nimebeba ndoo ya dagaa toka mwaloni Kirumba mpaka nyumbani kwa miguu.

Dawa yake kila mtu anaijua, diklo, yani diklofenaki, vidonge vya maumivu. Unafika duka la dawa unasema kaka nipe za maumivu, anakatia karatasi anakupa, hakuna swali. Nikawa nameza kimoja asubuhi na chai ya rangi, tumbo tupu maana muda wa kupika chapati sina, na kimoja usiku. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgongo ulipoa kweli, sidanganyi, ndo maana sikuacha.

Wiki ya nne ndo mambo yakaanza. Kwanza kiungulia, nikasema ni maharage. Afu maumivu hapa kwenye chembe ya moyo, kama kuna mtu ameacha kaa la moto, yananiamsha saa tisa usiku, nikila yanatulia kidogo afu yanarudi. Na mimi kwa akili yangu nikaona hayo nayo si maumivu, nikaongeza diklo. Cheka tu, hata daktari alicheka.

Sitataja hospitali, ila daktari mwenyewe alikuwa mdada mdogo tu, mpole, akaniuliza natumia dawa gani nikasema situmii dawa yoyote. Diklo mimi sikuihesabu kama dawa! Akauliza tena, za maumivu je? Aaah, hizo natumia. Akaweka kalamu chini. Afu akaniuliza choo changu kikoje, cheusi? Nikaona aibu, ila nikajibu hapana. Akasema kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kina harufu mbaya kuliko kawaida, au ukitapika kitu kama mabaki ya kahawa, usisubiri asubuhi, njoo saa hiyohiyo, hiyo ni damu inavuja tumboni.

Hapo nikamkumbuka baba mdogo wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Yeye magoti yanamsumbua miaka, ni mtu wa mtumbwi toka ujana, na brufeni anatembea nayo mfukoni kama pipi. Mwaka juzi alipata choo cheusi siku tatu na nyumba nzima tukasema ni matembele, si alikuwa anakula matembele kila siku. Siku ya nne akaanguka chooni. Aliongezewa chupa mbili za damu. Matembele tuliyasingizia bure.

Sasa ngoja niwaelezee nilivyoelewa maana nilimsumbua yule daktari kwa maswali. Tumbo linatengeneza asidi kali, na ili isilile lenyewe limejipaka ute mzito, na damu inapita vizuri kwenye ukuta wake kurekebisha palipochubuka. Anayeamrisha hiyo kazi yote ni vitu vinaitwa prostaglandini. Tatizo ni kwamba prostaglandini hizohizo, ukiumia goti au kiuno, ndo zinaleta uvimbe na maumivu. Diklo, brufeni, asprini, indomethasini, hizi zote ni ukoo mmoja, zinamfunga mikono anayezitengeneza, kimeng'enya kinaitwa COX. Aliyeligundua hili ni John Vane kule Uingereza mwaka 1971, akapewa Nobel 1982 pamoja na wenzake wawili. Kwaiyo maumivu yanakata kwa njia ileile ambayo tumbo linavuliwa nguo. Sio bahati mbaya ya dawa, ndo kazi yake.

Na msijidanganye na sindano. Watu wanasema mi nikichoma diklo haigusi tumbo. Inafika kwa damu ndugu yangu, ukuta wa tumbo unaipata vilevile. Kumeza baada ya kula kunapunguza kuchomachoma ila hakuondoi hatari.

Basi niliporudi nyumbani nikakosea, nikaweka status kwamba tumbo linaniua. Meseji zilizoingia siku ile! Juisi ya kabichi mbichi, aloe vera, manjano na asali, kitunguu saumu kumi kwa siku, magadi, maziwa, mmoja kasema ninywe mafuta ya alizeti. Na karibu kila meseji ina neno antioksidanti, sijui nani kaanza kulisambaza. Nikaamua kusoma mwenyewe, usiku silali tena kwa ajili ya unifomu bali kwa ajili ya tumbo, simu mkononi.

Ya kabichi ina historia kumbe. Daktari mmoja wa Marekani, Garnett Cheney, mwaka 1949 aliwanywesha wagonjwa 13 wa vidonda vya tumbo juisi ya kabichi akaandika kwamba walipona haraka. Watu 13, bila kundi la kulinganisha nalo. Na wakati ule hakuna aliyekuwa anajua habari za bakteria wa H. pylori, anayeleta vidonda vingi vya tumbo, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walikuja kumgundua Australia mwaka 1982, na Marshall akamnywa mwenyewe 1984 kuthibitisha, akaugua tumbo kweli. Kwaiyo ile meseji ya kabichi inayokuja na maneno "imethibitishwa" ina umri mkubwa kuliko mama yangu.

Hizi antioksidanti zenyewe wazo lake lina mantiki lakini, siwezi kulidharau. Dawa za ukoo wa diklo zikishapunguza ule ulinzi, damu inapungua kwenye ukuta wa tumbo, seli zinaumia, zinatoka chembechembe korofi za oksijeni zinazoendelea kubomoa seli jirani, kama moto wa nyasi. Antioksidanti ni vitu vinavyozima hizo cheche: vitamini C, vitamini E, beta-karotini, rangi ya zambarau kwenye matunda, ile ya njano kwenye manjano. Watafiti wamejaribu sana kwa panya, wanawapa panya indomethasini mpaka tumbo linapata vidonda afu kundi lingine wanalipa kwanza dondoo la mmea fulani, na mara nyingi lile lililopewa dondoo linapata vidonda vichache. Nzuri. Ila panya anapewa dondoo lililokolezwa, kwa uzito wake ni dozi kubwa, sio kisahani cha mchicha wenye karanga pale kwa mama ntilie. Kutoka hapo kwenda kusema "kunywa rozela meza diklo zako kwa amani" ni kuruka mto mpana sana.

Na kuna kichekesho ambacho meseji hazisemi, vitu vyenye sifa kubwa ya antioksidanti vingi ni vichachu balaa. Ubuyu, ukwaju, ndimu, rozela. Mimi nilikunywa glasi kubwa ya rozela siku ya pili ya ugonjwa, baridi, nzuri, nyekundu kama kitambaa cha harusi. Nusu saa baadae nilikuwa nimejikunja kwenye kochi namwita mama na yeye yuko Magu. Tumbo likishachubuka haliangalii sifa, linaangalia linachomwa au halichomwi. Kama huna shida yoyote kunywa rozela yako, ila kama tayari panawaka, subiri.

Mapera ndo yaliniokoa upande wa chakula. Mama alituma na daladala kiroba cha mapera ya pale nyumbani, yameiva mpaka harufu imejaa gari. Pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa kwa uzito uleule, gramu 100 zina miligramu 200 na kitu wakati mtu mzima anahitaji kama 75 mpaka 90 kwa siku nzima, na likiiva vizuri halina uchachu wa kutisha. Sisi tunawaachia watoto na ndege afu tunanunua vidonge vya vitamini vya kumumunya. Nilikuwa nakula moja au mawili baada ya chakula, sio tumbo tupu. Mbegu nilizitema, mniache.

Afu viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, siku hizi vinapatikana sokoni. Kiazi cha kuchemsha kinateleza, hakichomi, kina beta-karotini ya kutosha, na ukiweka mafuta kidogo au karanga pembeni mwili unaichukua vizuri zaidi. Nikawa nakula asubuhi badala ya ile chai tupu. Mama akaniuliza mbona usile michembe, nikamwambia mama michembe naipenda ila jua likishaikausha ile beta-karotini inapungua, akasema mmesoma sana nyie. Mchicha, matembele (nimeyaomba msamaha), papai, sato wa kuchemsha na nyanya mbili tatu zilizoivishwa vizuri. Pilipili niliiacha, sio kwamba inaleta kidonda, ila ikipita kwenye kidonda unaijua.

Maziwa nilikuwa nayaamini sana. Yanapoza kwa muda, kweli, ila baadae yanachochea tumbo kutoa asidi zaidi, ndo maana nilikuwa nakunywa saa nne usiku naamka saa tisa.

Lakini nisiwadanganye kwamba mapera yamenitibu. Kilichonitibu ni kuacha diklo. Siku ileile. Nikapewa omeprazoli ya kupunguza asidi kwa wiki kadhaa, nikapimwa H. pylori maana huyo bakteria akikutana na dawa hizi kwenye tumbo moja hatari inaongezeka, bahati nzuri sikuwa naye. Kwa mgongo nikaambiwa parasetamo, yenyewe sio ukoo wa diklo na tumbo hailisumbui sana, ila ina sheria yake, mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa masaa 24, yani vidonge 8 vya miligramu 500, ukizidisha unaua ini. Na angalieni zile zinazochanganya diklo na parasetamo kwenye kidonge kimoja, mtu anameza hizo afu anaongeza Panadol juu, ambayo ni parasetamo ileile, anadhani ni vitu viwili tofauti. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Wenye miaka 60 na kuendelea, waliowahi kuwa na vidonda, wanaotumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, wanywaji, nyie muulize kabla ya kumeza. Na kama umeandikiwa asprini ya moyo usiache eti kwa sababu umesoma humu, rudi kwa daktari wako umuulize, anaweza kukupa ya kulinda tumbo juu yake.

Kiti pia nimebadilisha. Kumbe kile kistuli cha mbao kilikuwa chini mno, nikaongeza mto, na kila saa nainuka nazunguka hapo nje, wapangaji wanadhani nasubiri mtu.

Baba mdogo amepiga simu juzi. Amesikia kwa mama habari za mapera, akauliza, "Mwanangu, sasa nikiwa nakula mapera naweza kurudia zangu brufeni?" Nikamwambia hapana baba, pera ni pera. Akanyamaza kidogo, nasikia mawimbi nyuma yake, afu akasema, "Sawa, na goti nalo lile nini?"

Nilimuuliza yule daktari, akasema kwa goti ipo diklo ya kupaka, ya jeli, inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na ya kumeza, ila kwa historia yake aanze kuonana na daktari wa hapo Nansio kwanza. Nimenunua tyubu moja nimempa mtu wa meli ya jana ampelekee, na nimemwambia asiifungue kabla hajaenda. Ameahidi. Mama anasema tayari ameshapaka.